Butura ya Shairi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, liko neno ambalo mtu wa Pwani akilisikia mara ya kwanza hudhani ni jina la ngoma. Neno hilo ni butura. Maana yake ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa bado ua, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Mwenye shamba ana mgonjwa, au ana msiba, au mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mwenye fedha huja, akaitazama mibuni, akakisia itazaa magunia mangapi, kisha akataja bei yake, na bei hiyo huwa ni sehemu ndogo tu ya thamani ya mavuno. Miezi ikipita, mwenye shamba huichuma kahawa ile kwa mikono yake, akaianika uani mwake, akaipeleka kwa mtu ambaye hakupata hata kuipalilia. Serikali imeipiga marufuku butura tena na tena na viongozi wameikemea mikutanoni. Lakini shida haingoji msimu, na butura ingali inafanyika.

Habari hii inamhusu mwalimu mmoja wa Kiswahili wa upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, na diwani moja ya mashairi. Mwalimu huyo anakaribia kustaafu. Alipokuwa darasa la tano, mwaka 1980, baada ya Vita vya Kagera kumalizika, baba yake aliugua na mama yake akatoa butura kahawa yote ya kibanja. Watoto waliichuma. Mwalimu hakumbuki njaa ya mwaka ule kama anavyokumbuka jambo jingine: kwamba walikuwa wakikatazwa kutafuna hata punje moja ya buni walizochuma wenyewe, kwa kuwa zilikuwa ni mali ya watu. Alikosa shule mwaka mzima. Tangu alipokuwa mtu mzima, na tangu alipoingia katika kamati ya chama chao cha msingi, hapana mkutano aliohudhuria asiseme neno juu ya butura.

Kwa msomaji wa visiwani, Karagwe ni mbali. Lakini njia ya kwenda huko ni ya zamani. Mwaka 1861, Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika, walimkuta amekwisha zoea wageni kutoka Pwani. Kafuro, si mbali na ikulu yake, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuja kutafuta pembe kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Lugha ya Kiswahili ilipanda kwa njia ile ile. Ama kahawa, watu wa Kagera hawakungoja kufundishwa na mtu. Kabla haijawa zao la kupelekwa Ulaya, walikuwa wakiichuma, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakaitafuna. Mgeni akiingia nyumbani, kitu cha kwanza kuwekwa mbele yake ilikuwa ni kahawa hiyo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje za buni moja, kila mmoja akala yake ikiwa na damu ya mwenziwe. Kwa hiyo kahawa ilikuwa ahadi kabla haijawa bidhaa, na huenda ndiyo sababu watu wa huko wanachukia sana kuiona ikiuzwa kwa hila.

Basi mwalimu huyu ana maradhi mawili. La kwanza ni kahawa, na la pili ni vitabu vya mashairi, hasa vipya. Alipokuwa kijana alikiona kitabu cha Mulokozi na Kahigi kilichotoka mwaka 1976, kwa jina Malenga wa Bara, na jina lenyewe likamtosha. Alikuwa amezoea kuambiwa kwamba malenga ni watu wa Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga, na kwamba mtu wa bara akishika kalamu ya shairi anaazima nguo ya jirani. Kusikia ya kuwa mmoja wa watungaji wale wawili ni mtu wa Kagera, tena baadaye msomi aliyewafuata wapiga enanga vijijini ili kuandika tendi zao, kulimfanya anunue diwani baada ya diwani. Mkewe hupata kusema kwamba paa la jikoni linavuja kwa sababu ya washairi, na mwalimu hana jibu, kwa kuwa ni kweli.

Kwa watu kama yeye, miaka ya karibuni imekuwa na neema. Tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014. Mwaka 2015 ikampa ushindi wa ushairi Mohammed K. Ghassani, mtoto wa Pemba, kwa N'na Kwetu, na mwaka 2017 Dotto Rangimoto kwa Mwanangu Rudi Nyumbani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ikaanza kutolewa mwaka 2023. Miswada ambayo zamani ingeliliwa na mchwa masandukuni ikawa vitabu. Lakini kitabu kuchapishwa ni jambo moja na kufika Nkwenda ni jambo jingine. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Mtu huagiza kwa simu, akatuma fedha, kifurushi kikatiwa kwenye basi, naye akaenda kukipokea Omurushaka, akiomba kisiwe kimelala chini ya mzigo wa samaki.

Hivyo ndivyo ilivyomfikia diwani inayohusika na habari hii. Ilikuwa ya mshairi mmoja wa Pwani, mzee, asiyejulikana sana. Bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Mwalimu aliisoma usiku mmoja, akairudia usiku wa pili, na siku ya tatu akaingia nayo darasani. Wanafunzi waliokuwa wamezoea kuuhesabu ushairi mizani kama mtu ahesabuye deni, walinyamaza. Alipomaliza shairi la tatu, msichana mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama mwandishi huyu yu hai. Mwalimu akamjibu kwamba yu hai. Msichana akasema, "Basi tumsome kabla hajafa."

Darasa lilikuwa na wanafunzi 30. Waliomba kila mmoja awe na kitabu chake, wajifunze mashairi kwa moyo, na siku ya wazazi kila mmoja asimame atoe moja. Mwalimu akapiga hesabu. Vitabu 30 vingelikuwa shilingi 450,000, mbali na nauli ya basi. Akaenda kwenye duka la steshenari mjini kuuliza bei ya kutoa kopi. Kijana wa duka akakipima kitabu kwa jicho, kurasa 120, kurasa mbili kwa kila upande wa karatasi, nyuso 60, shilingi 50 kwa kila uso. Shilingi 3,000 kwa kitabu kizima, na kubana kwa pini ni bure. Kwa wanafunzi 30, shilingi 90,000. Fedha hizo wazazi wangeliweza kuzichanga, kila mmoja 3,000 yake. Mwalimu akamwachia kijana kitabu, akaahidi kurudi kesho yake na fedha.

Haifai kumhukumu haraka. Vitabu vingi vya mashairi vya Kiswahili vilichapishwa mara moja, vikaisha, visirudiwe tena. Mwalimu mwenyewe anayo nakala ya kudurufu ya diwani moja ya zamani ambayo aliitafuta dukani miaka mingi asiipate. Lau si mashine ya kudurufu, ushairi huo usingelimfikia yeye wala mwanafunzi wake yeyote. Hata huku Pwani, tendi kubwa tunazojivunia zilihifadhiwa na watu waliokaa chini wakazinakili kwa mkono, kwa khati za Kiarabu, bila kumwomba mtu ruhusa. Na Muyaka bin Haji aliyefariki mwaka 1840 alingoja miaka 100 hata diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Kunakili kumeuokoa ushairi wetu mara nyingi. Lakini kitabu kile cha shilingi 15,000 hakikuwa kimepotea. Kilikuwa kipya, kilikuwa dukani, na mtungaji wake alikuwa hai.

Usiku ule mwalimu alimsimulia mama yake, ambaye umri wake umepita miaka 80 na ambaye hakusoma Kiswahili ila kukisikia. Alimweleza habari za kitabu, bei yake, na bei ya kopi. Mama akauliza maswali ya mtu wa shamba.

"Huyo aliyeyatunga, akiuziwa kitabu chake dukani, yeye hupata nini?"

"Hupata sehemu yake, Mama. Huitwa mrabaha. Mara nyingi ni kama asilimia 10. Kwa kitabu hiki ingekuwa shilingi 1,500."

"Na kwa hizo kopi zako?"

"Hapati kitu."

Mama akatafuna kahawa yake kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, na wewe unatoa butura?"

Mwalimu alicheka, akataka kumweleza kwamba butura ni ya kahawa. Hakuweza. Aliona kwamba mambo yote yamo: mwenye mali aliye mbali na sauti yake haisikiki, mnunuzi anayejua thamani ya kitu lakini akatumia nafasi aliyonayo, na neno lile ambalo kila mtoa butura hulisema, kwamba bila mimi huyu asingelipata hata kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huko Bara, kama ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, huacha nafasi ya kutumia kazi ya mtu katika kufundisha kwa kiasi cha uungwana. Shairi moja ubaoni halimdhulumu mtu. Kitabu kizima mara 30, kwa pini na jalada, si ubao tena.

Asubuhi alikwenda kukichukua kitabu chake. Kijana wa duka hakuelewa. Wala mwalimu mwenzake, kijana wa hesabu, hakuelewa. Huyo alimwambia kwamba vitabu vingi siku hizi hurushwa bure kwa simu, basi kwa nini wasikipige picha, ukurasa kwa ukurasa, wakakitia kwenye kundi la darasa? Karatasi haitatumika, mti hautakatwa, na hapana atakayeuziwa kitu. Mwalimu alimjibu kwa jambo ambalo mtu wa Kyerwa hulijua kuliko wengi. Wilaya hiyo, iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina madini ya bati, na bati limechimbwa huko tangu zama za ukoloni. Bati ndilo huyeyushwa likaunganisha vipande vidogo vidogo vilivyo ndani ya simu. Kwa sababu ya vita vya Kongo, nchi za Maziwa Makuu zilikubaliana mwaka 2010 kuweka utaratibu wa vyeti, ili bati, dhahabu na madini mengine mawili yajulikane yametoka shimo gani na kwa mikono ya nani; na wachimbaji wadogo wa Kyerwa walipata kuonja uchungu wa kuwa na mali nzuri isiyokuwa na cheti. "Simu yako haikushuka mbinguni," alimwambia. "Hata hicho unachokiita bure, yuko mtu amekilipia kwa mgongo wake."

Watu wa kahawa walianza zamani kujiuliza maswali haya, tena walisaidiwa na kitabu. Mwaka 1860, Mdachi mmoja aitwaye Eduard Douwes Dekker, kwa jina la kalamu Multatuli, alitoa riwaya iitwayo Max Havelaar, kuhusu dhuluma waliyotendewa wakulima wa Java chini ya utawala wa Wadachi, na kuhusu madalali wa kahawa wa Amsterdam waliokunywa faida yake bila kuuliza imetoka wapi. Riwaya ile iliwatia watu aibu. Mwaka 1988, Uholanzi ilipoanzishwa alama ya kwanza ya biashara ya haki kwa kahawa, waliipa jina la riwaya hiyo: Max Havelaar. Alama za namna hiyo zilikuja kufika Kagera, kwa chama kikuu cha KCU cha Bukoba na baadaye KDCU cha Karagwe. Mnunuzi wa mbali anaongeza fedha kidogo juu ya bei, na wakulima hukaa kikaoni wakaamua nyongeza hiyo ifanye nini; KCU iliitumia sehemu yake kununua hisa katika kiwanda cha Tanica mjini Bukoba, ili mkulima awe na neno hata katika kahawa iliyokwisha sagwa. Hapana atakayesema kwamba alama hiyo imemaliza umaskini wa Karagwe. Vyama vyenyewe vimekuwa na madhambi yao, na mkulima aliyeona vyama vikuu vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 hatishwi na maneno matamu. Walakini alama ile imewafunza watu swali moja ambalo halisahauliki, nalo ni: katika bei hii, fungu la mwenye jasho liko wapi?

Mwalimu akaona kwamba amekuwa akilitaka swali hilo liulizwe London na Amsterdam juu ya kahawa yake, hali yeye mwenyewe hajapata kuliuliza Omurushaka juu ya shairi la mtu.

Nyuma ya jalada la kitabu palikuwa na namba ya simu ya mshairi, kama ilivyo ada ya washairi wengi wanaouza vitabu vyao wenyewe mkobani. Mwalimu akaipiga. Nia yake ilikuwa kuomba ruhusa ya kudurufu, na kumlipa mshairi mrabaha wake kamili, shilingi 1,500 mara 30, yaani shilingi 45,000. Aliona amepata njia ya haki: watoto wapate kitabu kwa bei wanayoiweza, na mtungaji apate chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Unasema uko wapi?"

"Kyerwa, mzee. Mkoa wa Kagera. Mpakani na Uganda."

"Alaa! Kwenye kahawa. Mashairi yangu yamefika huko kabla yangu."

Mwalimu akaeleza haja yake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kitambo hata mwalimu akadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," alisema, "ruhusa hiyo si yangu kuitoa. Mswada niliuuza wote, kwa mkupuo. Mke wangu alikuwa hospitali, nami sikuwa na kitu. Nililipwa mara moja, basi. Kitabu kikiuzwa kimoja au kikiuzwa elfu, kwangu mimi ni mamoja."

Mwalimu hakuwa na la kusema. Mwishowe akasema, "Mzee, kwetu huku hiyo huitwa butura."

Mzee akataka aeleze, naye akaeleza: mibuni, ua, mgonjwa, mwenye fedha. Mzee akacheka sana, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa jina la kitu alichokaa nacho muda mrefu. Akamwomba alitamke tena neno lile, herufi kwa herufi, aliandike. Lakini hakumlaumu aliyemnunua. Alisema mtu yule hakumshika mkono kutia sahihi, na bila yeye kisingelikuwapo kitabu, wala mke wake asingelipata dawa. Jioni mwalimu alipompa mama yake habari hiyo, bibi kizee alitikisa kichwa kwa kuafiki. Alisema hata yule aliyewatoa butura mwaka 1980 alileta fedha usiku ule ule, na baba alipelekwa hospitali kwa fedha hizo. "Alitusaidia, akatunyang'anya," alisema. "Yote mawili ni kweli, na mpaka leo sijui nimshukuru au nimlaani."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Mwalimu alikuwa amedhani kwamba kununua kitabu halali ni kumlipa mshairi. Sasa alijua kwamba akinunua vitabu 30 kwa shilingi 450,000, mshairi hatapata hata senti moja. Kijana wa hesabu aliposikia alisema mambo yamekwisha: ikiwa mwenye jasho hapati, kuna dhambi gani kutoa kopi? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na mwalimu alikaa nayo siku mbili. Mwisho aliikataa, kwa hesabu ya shamba. Mtu akikuta jirani yake ametoa butura, hapati kwa hilo idhini ya kwenda kuichuma kahawa ile usiku. Mswada ulinunuliwa kwa fedha za mtu. Yuko aliyeuhariri, yuko aliyepanga herufi, yuko mwenye duka aliyekubali kuweka mashairi rafuni mahali ambapo angeliweza kuweka vitabu vya mitihani. Mchapishaji wa mashairi akianguka, mshairi wa kesho hatakuwa na mtu wa kumuuzia, si kwa mkupuo wala kwa mrabaha.

Alilolitambua ni kwamba alikuwa amechanganya madeni mawili. Liko deni la kitabu, nalo hulipwa dukani. Na liko deni la shairi, ambalo anadaiwa aliyelisikia likamwingia, hata kama kitabu alikiazima. Deni hili la pili si geni Karagwe. Mpiga enanga wa zamani, na ala yake ya nyuzi iliyochongwa kwa mti kama chano, hakuuza kitu kinachoweza kubebwa. Alikaa akaimba tendi za mashujaa usiku kucha, na kila aliyekuwapo alisikia, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Lakini hakuondoka mikono mitupu. Aliyekuwa na rubisi alileta rubisi, aliyekuwa na nyama alileta nyama, na mkubwa wa nyumba alijua ya kuwa heshima yake iko katika mkono wake. Hapakuwa na bei, na hapakuwa na bure. Washairi wa Pwani nao walikuwa na watu wao wa namna hiyo. Kitabu kilipokuja kilitusahaulisha, kwa kuwa kina bei nyuma ya jalada, na mtu akilipa bei hudhani amemaliza.

Ikawa hivi. Zile shilingi 90,000 ambazo wazazi walikuwa tayari kuzichanga kwa ajili ya kopi, zikanunua vitabu 6 halali. Darasa likagawanywa vikundi 6 vya watu watano, kila kikundi na kitabu chake, na kitabu kikawa kinalala nyumba hii leo na nyumba ile kesho, kama zamu ya chama. Kila mwanafunzi alinakili kwa mkono, katika daftari lake, shairi moja tu ambalo ndilo atakalolitoa. Mwalimu aliogopa watalalamika. Baada ya wiki tatu aliona kwamba waliolinakili shairi kwa kalamu walikuwa wamekwisha lishika kabla hawajaanza kulikariri, na kwamba ugomvi uliokuwapo ulikuwa ni wa nani kakaa na kitabu siku mbili.

Siku ya wazazi ilikuwa ni msimu wa kahawa. Wazazi walikuja na vumbi la maganda nguoni. Watoto 30 walisimama mmoja mmoja, na yule msichana wa nyuma alikuwa wa mwisho. Kisha mwalimu akasimama, akaeleza kwa Kiswahili na kwa Kinyambo kwamba mwenye maneno haya yu hai, kwamba aliyauza yangali ua kwa sababu ya mgonjwa, na kwamba hapo mlangoni pana kikapu. Hakusema butura. Hapakuwa na haja, wazee walitazamana. Mwaka uliotangulia, 2024, robusta ilikuwa imepanda katika soko la dunia hata kufikia bei isiyopata kuonekana, na wale waliokuwa wamekwisha iuza yao mtini walisimama kando ya minada wakiwasikia wengine wakitajiwa bei. Miongoni mwao walikuwamo waliotia kikapuni.

Mwalimu alikuwa ametia nia ya shilingi 45,000, ule mrabaha ambao vitabu 30 vingelizaa. Kikapu kilikuwa na shilingi 52,300, nyingi ni sarafu, na ndani yake palikuwa na yai moja, ambalo liliuzwa papo hapo likaongeza 500. Fedha zikatumwa kwa simu jioni ile. Mzee akapiga baada ya nusu saa. Hakuuliza habari za fedha kwanza. Aliuliza ni shairi gani lililotolewa la mwisho, na nani aliyelitoa, na kama alisita katika ubeti wa nne, kwa kuwa yeye mwenyewe husita hapo.

Mkataba wa mzee haukubadilika kwa hayo. Paa la jikoni kwa mwalimu lingali linavuja, na diwani nyingine mbili zimetoka ambazo hajazinunua bado. Ile nakala ya kudurufu ya kitabu kilichokwisha sokoni ingali rafuni, ila sasa ameandika kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza jina la mwandishi na neno moja, "anadai."

Bibi kizee hakuwa ametia kitu kikapuni, kwa kuwa hakuhudhuria. Miguu haimchukui tena. Aliposimuliwa, alisema wamefanya vyema lakini wamesahau jambo. Mtu aliyeingia nyumba za watu 30 kwa muda wa mwezi ni mgeni, na mgeni hapewi fedha tu. Akaagiza aletewe kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, akaichambua kwa vidole vyake, akaifunga katika gamba la mgomba kama ilivyofungwa zamani. Kifurushi kile kilitiwa kwenye basi Omurushaka, asubuhi, kikielekea Pwani.